Tawi moja la mchungwa wangu linazaa machungwa tofauti kabisa, ni aina mpya au ugonjwa?

kivuli_cha_mti:
Wakuu habari zenu, naombeni msaada manake nimebaki njia panda. Nina mchungwa wa kubebesha, una miaka 12 sasa, siku zote unazaa machungwa ya kawaida, matamu, ganda la wastani, mbegu 10 mpaka 15 kwa tunda. Msimu uliopita nikaona tawi moja, lipo juu upande wa jua linapozama, matunda yake yamechelewa kuiva, wenzake wote nimeshachuma yenyewe bado ya kijani, nikayasahau. Baada ya kama wiki 6 hivi nikapanda nikachuma moja nikalikata, ndani karibu hakuna mbegu! Nikakata la pili nikakuta mbegu 1 iliyosinyaa, la tatu hakuna kabisa. Ganda jembamba, laini, utamu uleule au zaidi. Nikasema labda ni bahati tu ya msimu ule, lakini msimu huu imejirudia vilevile, tawi lilelile, matawi mengine yote yako kama zamani. Na kuna chungwa moja nililichuma kwenye kitawi cha jirani na hilo tawi, lina mstari kwenye ganda kama mtu amelipaka rangi, kuanzia kwenye kikonyo mpaka chini, upande mmoja laini na upande mwingine una vinundu kama kawaida.

Jamaa anayenisaidia kupogolea anasema tulikate hilo tawi kabla halijaambukiza mti mzima. Mimi roho inasita. Nimewahi kusikia kwamba mti unaweza kubadilika wenyewe bila kuguswa na mtu na ndio aina mpya zinavyopatikana, ni kweli au ni hadithi tu? Na kama ni kweli nifanyeje, nipande mbegu zake? Ila ndio hivyo mbegu zenyewe hamna.

mtunza_kitalu:
Mkuu usikate! Tafadhali sana weka msumeno chini kwanza.

Ila kabla hujafurahi fanya kitu kimoja, fuata hilo tawi kwa mkono kuanzia kwenye tunda mpaka linapotokea. Mti wa kubebesha ni miti miwili kwenye mwili mmoja, chini kuna mche uliobeba na juu kuna jicho (kichipukizi kichanga cha mti mwingine) lililobebeshwa. Kama tawi lako limetokea chini ya ile alama ya kuungia, basi hilo sio badiliko lolote, ni mche wa chini umechipua ukapanda mpaka juu, na unazaa matunda yake yenyewe. Watu wengi sana wanaleta kitaluni kwangu "aina mpya" kumbe ni limau la porini au danzi la chini. Dalili yake tawi linakuwa na nguvu kupita kiasi, miiba mirefu, majani hayafanani na ya mti, na kama mche wa chini ulikuwa wa majani matatumatatu utaona kila jani limegawanyika mara tatu, hapo huna haja ya kuuliza mtu.

Kitu cha pili angalia ugonjwa, na hapa namuunga mkono kidogo huyo jamaa yako wa kupogolea, hajasema upuuzi. Kuna ule ugonjwa wa ukijani unaoitwa huanglongbing, wenyewe mara nyingi huanza hivyohivyo, kwenye tawi moja tu, mti mzima unaonekana mzima tawi moja limegeuka manjano. Unaenezwa na kadudu kadogo kanakofyonza majani, na pia unaenea kwa kubebesha. Tunda lake linakuwa limepinda upande mmoja ukilikata katikati utaona halilingani, linabaki kijani sehemu ya chini, mbegu zimekauka nyeusi, na ladha ni chungu. Majani yana mabaka ya manjano lakini upande wa kushoto wa jani haufanani na wa kulia. Akija mtu na tawi la namna hiyo akabebesha miche 50 atakuwa amezalisha ugonjwa mara 50. Kwa hiyo tuambie, majani yakoje? Na matunda yamenyooka?

Chenza_Tamu:
Mi naona mnaenda mbali. Hapo jirani yake kuna mlimau au mchenza, nyuki wamechanganya poleni, yaani chavua, basi. Matunda ya upande huo yanapata mchanganyiko. Nimeona sana hiyo.

mwl_wa_baiolojia:
Chenza_Tamu naomba nikupinge kwa heshima, manake hili kosa nalikuta kila mwaka darasani. Nyuki akileta poleni ya mlimau kwenye ua la mchungwa, kinachochanganyika ni kile kilichomo ndani ya mbegu, yaani mtoto. Ganda, nyama, juisi, vyote hivyo ni mwili wa mama, vinajengwa na mchungwa wenyewe kwa jeni zake wenyewe. Chungwa haliwezi kuwa na ganda la limau kwa sababu ya nyuki. Poleni inachoweza kubadilisha ni idadi ya mbegu, hapo uko sahihi kidogo, kuna machenza kama klementini ambayo yakiwa peke yake hayana mbegu na yakipandwa karibu na jamii nyingine yanajaa mbegu. Lakini nyuki hachagui tawi moja misimu miwili mfululizo akaacha mengine yote, na hachori mstari kwenye ganda.

Huo mstari ndio ulionishtua mimi. kivuli_cha_mti naomba uniamini, hicho kitu ulichokiona sio cha kawaida.

Iko hivi. Tawi lolote limeanza kama jicho, na jicho limeanza kama seli chache zinazogawanyika. Kila seli ikigawanyika inanakili maandishi yake yote ya urithi, na mara mojamoja nakala inakosewa, herufi imebadilika, kipande kimeruka kimekaa sehemu nyingine, kipande kimepotea. Mara nyingi kosa hilo halionekani popote. Lakini likitokea kwenye seli iliyopo kwenye ncha inayokua, basi kila kitu kinachotoka kwenye seli hiyo kinabeba kosa, jani, kitawi, ua, tunda. Ndio maana unakuta tawi zima ni tofauti na mti wenyewe. Hiyo ndio myutesheni ya jicho, haijaletwa na maabara.

Sasa ncha inayokua ina tabaka za seli, ya nje, ya pili, na za ndani zaidi, na kila tabaka inajenga sehemu zake. Badiliko linaweza kuwa kwenye tabaka moja tu na nyingine zikabaki za zamani, mti wa namna hiyo unaitwa kimera (sio kile cha nafaka). Na kama ndani ya tabaka seli zilizobadilika zimekaa upande mmoja tu, unapata tunda lenye mstari, upande huu mpya upande ule wa zamani. Kwa hiyo chungwa lako la mstari limekuonyesha ule mpaka kati ya zamani na mpya, na limetokea palepale tawi jipya linapoanzia. Mimi ningelipiga picha nikaliweka na tarehe.

Na sio hadithi. Machungwa matamu yote unayoyajua duniani, yenye kitovu, yasiyo na kitovu, mekundu ndani, ya mapema, ya kuchelewa, wanasayansi waliposoma jeni zake wamekuta yametoka kwenye mti mmoja wa zamani uliozaliwa kwa mchanganyiko wa furungu na chenza. Tofauti zote hizo hazikuletwa na ndoa mpya, zimekuja kwa makosa madogomadogo ya kunakili kama hilo lako, na mtu akayaona akayatunza. Hapo ndipo mimi huwa nasisimka kila nikifundisha, manake neno lenyewe "akayaona" ndio kila kitu.

Chenza_Tamu:
Sawa mwalimu nimekuelewa, hilo la mwili wa mama sikulijua. Lakini hebu tupe mfano hata mmoja ambao ni wa kweli, mti unaojulikana na mahali panapojulikana.

mwl_wa_baiolojia:
Wa kwanza ni lile chungwa lenye kitovu. Lilitokea Bahia, Brazil, mwanzoni mwa karne ya 19, kwenye aina iliyokuwa inaitwa Selecta, tawi likazaa matunda yasiyo na mbegu na chini yana kitunda kingine kidogo kama kitovu. Mwaka 1870 William Saunders wa wizara ya kilimo ya Marekani alipokea miche 12 iliyobebeshwa kutoka huko akaitunza Washington, na mwaka 1873 mama mmoja aitwaye Eliza Tibbets aliyehamia Riverside, California akatumiwa michache. Akaitunza vizuri, ikazaa, watu wakaja kuchukua macho kubebesha kwao, na California ikageuka nchi ya michungwa kwa sababu ya hiyo miche. Mmoja wa miti ile bado upo hai Riverside mpaka leo. Na kumbukeni lile chungwa halina mbegu, kwa hiyo kila mti wa kitovu uliopo duniani ni jicho lililotoka kwenye jicho lililotoka kwenye jicho, mpaka lile tawi la Bahia.

Halafu angalia uzao wake. Mwaka 1950 Australia mti wa kitovu ukatoa tawi linalochelewa sana kuiva, ndio Lane Late, leo linalimwa sehemu nyingi kwa sababu linaongeza msimu. Mwaka 1976 Venezuela, kwenye shamba la Cara Cara, tawi la mti huohuo wa kitovu likazaa machungwa yenye nyama ya waridi, rangi yake ni likopini, ileile ya nyanya. Mti ni uleule, badiliko juu ya badiliko.

Balungi nalo ni hivyo. Lilikuwa jeupe ndani. Mwaka 1913 huko Florida mtu akakuta tawi la mbalungi wa aina ya Marsh limezaa ya waridi, likaitwa Thompson. Huo Thompson ukapelekwa Texas, na mwaka 1929 tawi lake likazaa mekundu kabisa, ndio Ruby. Mwaka 1934 likapewa hataza (haki ya mgunduzi) Marekani. Baadaye wakaona kusubiri kunachelewesha wakaanza kupiga mbegu na macho kwa miale ili makosa yawe mengi, Star Ruby la mwaka 1970 na Rio Red la mwaka 1984 yalipatikana hivyo. Lakini hata hapo miale inaongeza kasi tu, kuchagua ni kwa jicho la binadamu.

Na yale machungwa mekundu kama damu ya Sicily, hayo ndio nayapenda kuliko yote kuyaeleza. Mwaka 2012 watafiti walionyesha kwamba kuna kipande cha DNA kinachorukaruka kilichojipachika karibu na jeni inaitwa Ruby (jina tu limefanana na lile balungi), na kipande hicho kinawashwa na baridi, kwa hiyo chungwa likipigwa na baridi jeni inawaka na rangi inatoka. Ndio maana mti huohuo ukiupanda sehemu ya joto rangi inafifia au haiji. Kwa hiyo sio kila badiliko linaonekana kila mahali, lingine linahitaji mazingira yake ndio lijitokeze.

kivuli_cha_mti:
Aisee mwalimu mkono umenitetemeka kusoma hapo. Asanteni wote.

Nimerudi kukagua kama mtunza_kitalu alivyosema. Tawi halijatoka chini, alama ya kuungia ipo karibu na ardhi na tawi limeanzia juu sana, karibu urefu wangu na nusu, kwenye tawi kubwa la kawaida ambalo lina matunda ya kawaida pande nyingine. Majani hayana mabaka, ni ya kijani kibichi, labda membamba kidogo kuliko ya matawi mengine. Matunda yamenyooka, nimekata manne katikati yote yamelingana pande zote, hakuna uchungu. Miiba ni ileile. Hakuna vidole wala mikunjo ya ajabu.

Sasa swali langu, nikikata kijiti nikabebesha ndio nimemaliza? Na mbegu ile moja niliyoipata nisiipande?

mtunza_kitalu:
Safi, umekagua vizuri. Hilo la vidole umefanya vyema kulisema, manake kuna utitiri mdogo sana unaokaa kwenye macho ya mti unakula ua likiwa bado changa, tunda linatoka limepindapinda lina pembe, watu wanadhani ni maajabu kumbe ni mdudu. Kwako haupo.

Mbegu ipande ukitaka lakini usiitegemee. Mbegu za mchungwa zina tabia yake, nyingi zinatoa mche ambao ni nakala ya mama, hautoki kwenye poleni kabisa, unatoka kwenye nyama ya mama inayozunguka kijusi, ndio maana mbegu moja inaweza kuotesha miche miwili mitatu. Unaweza ukasema basi si ndio vizuri nakala ya mama! Ila nakala hiyo inatoka kwenye ile tabaka ya pili aliyoisema mwalimu. Kama badiliko lako limekaa tabaka ya nje tu, mche wa mbegu utarudi kuwa wa zamani. Na mche wa mbegu utakaa miaka mingi una miiba tu bila tunda, wakati jicho la tawi lililokwisha kuzaa ukilibebesha miaka 2 au 3 unaona matunda.

Kwa hiyo bebesha, ila usichukue jicho moja. Chukua macho mengi kutoka sehemu tofautitofauti za hilo tawi, mengine karibu na linapoanzia, mengine katikati, mengine kwenye vitawi vya mwisho, na kila jicho uandike limetoka wapi. Manake kama tawi ni kimera huenda kuna macho yamebadilika yote, mengine nusu, mengine hayajabadilika kabisa. Chukua kwenye vijiti ambavyo umeona kwa macho yako tunda lake ni lile zuri. Na chukua macho mawili matatu ya tawi la kawaida la mti huohuo ubebeshe siku hiyohiyo kwenye miche ya aina hiyohiyo, ili baadaye ulinganishe vitu vinavyolingana. Wengi wanalisahau hili, wanalinganisha mche mchanga na mti wa miaka 12, halafu wanasema ganda limebadilika. Mchungwa mchanga ganda lake huwa nene hata kama haujabadilika chochote!

Nina kingine kinachoniuma kwenye kazi hii. Mabadiliko mengi ni mabaya. Mnasikia Cara Cara na Ruby kwa sababu ndizo zilizobaki, zile mbovu hazina jina. Kuanzia mwaka 1909 mtaalamu mmoja wa Marekani, Archibald Shamel, alikuwa anahesabu matunda mti kwa mti kwenye mashamba ya kitovu kule California, akakuta miti mingi imekuwa ya aina mbovu, inakua kwa nguvu inazaa kidogo, matunda makavu. Kwa nini? Wenye vitalu walikuwa wanapenda kuchukua macho kwenye machipukizi yenye nguvu, na yenye nguvu ndio yale yasiyozaa. Walikuwa wanasambaza makosa bila kujua kwa miaka. Toka nijue hilo sichukui jicho kwenye tawi ambalo sijaona tunda lake, hata mteja awe na haraka namna gani.

Chenza_Tamu:
Swali la mwisho kutoka kwangu, hilo tawi haliwezi kurudi kuwa la zamani? Na anaweza kuanza kugawa miche mwakani?

mwl_wa_baiolojia:
Linaweza kurudi, hasa likiwa kimera, tabaka ya ndani ikipenya ikachukua nafasi ya ile ya nje unashangaa kitawi kimerudi kuzaa ya zamani. Hata mabalungi mekundu huwa yanatoa tawi jeupe mara mojamoja. Kwa hiyo mwakani ni mapema mno. Miche izae, aangalie angalau misimu 2 au 3 kama ni ileile, halafu achukue macho kwenye hiyo miche iliyokaa vizuri abebeshe tena kizazi cha pili. Kikikaa na hicho, mbegu hakuna, ganda lilelile, kuiva ni kulekule kwa kuchelewa, hapo ndio anaweza kusema hii ni aina. Na kabla ya kugawa apeleke sampuli kwa watu wa afya ya mimea wapime virusi, manake kuna magonjwa ya michungwa yanakaa kimya ndani ya mti bila dalili yoyote na yanasafiri na jicho.

Na suala la kutokuwa na mbegu nalo lipimwe kwa haki. Aweke matunda ya tawi jipya na ya tawi la zamani, hata 20 kwa 20, ahesabu mbegu zote aandike. Manne hayatoshi.

kivuli_cha_mti:
Nimefunga utepe mwekundu pale tawi linapoanzia na mwingine pale palipokuwa na lile chungwa la mstari, na jamaa wa kupogolea nimemwonyesha kwa kidole asije akapitisha msumeno nikiwa sipo. Ameshangaa ila amekubali, na baada ya kula moja ameniomba jicho, nikamwambia asubiri vipimo kama mwalimu alivyosema.

Matunda yaliyobaki kwenye tawi ni 31, nimeyahesabu. 20 nayakata kesho na mengine 20 ya upande wa pili nimeshayaomba kwa jirani niliyempa wiki iliyopita, bahati alikuwa hajayala. Miche ya kubebea ninayo 14, macho 10 ya tawi jipya na 4 ya zamani. Nitaandika namba zote hapahapa.

mtunza_kitalu:
14 inatosha kuanzia. Kijiti kikate asubuhi mapema, ondoa majani uache vikonyo vyake tu, kifunge kwenye kitambaa chenye unyevu, na kisu ukisafishe kabla ya kila mche. Ukiona baada ya wiki 3 kikonyo kimedondoka chenyewe ukikigusa na jicho ni kijani, limeshika. Kikinyauka kikang'ang'ania, rudia mapema kabla tawi halijaanza kuchipua upya.